Hoja Iliyoandikwa Langoni

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, mama yangu huwa ameshafunga kitambaa kichwani na kwenda kiwandani, kwenye tanuri la mikate. Kazi yake ni kuingiza na kutoa trei. Miaka tisa ya joto lile na vumbi la unga imemwachia kikohozi kikavu. Bibi humsihi apumzike. Mama humjibu, "Nikipumzika tutakula nini? Upepo?"

Shuleni waliniita Wakili, kwa sababu ya mdomo wangu. Nisiwafiche, jina hilo lilinivimbisha kichwa.

Ijumaa moja tulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa ile iliyokuwa ikizungumzwa nchi nzima: je, serikali impe kila raia posho ya kila mwezi, tajiri kwa maskini, bila masharti? Bungeni walikuwa bado wanabishana. Mimi niliunga mkono. Nilieleza habari za watu wanaofanya kazi huku wanaumwa kwa kuwa hawana la kufanya, na darasa likatulia kunisikiliza.

Akasimama mpinzani wangu, binti wa mwenye duka. "Hiyo hela itatoka wapi? Kodi ikipanda, bei ya unga itapanda. Mtapewa kwa mkono huu, mtanyang'anywa kwa mkono ule!"

Makofi yakalipuka. Nikaona ushindi unaniponyoka. Ndipo nikatia chumvi, tena gunia zima.

"Mnabishana bure!" nikapaza sauti. "Leo asubuhi waziri ametangaza redioni. Malipo yanaanza mwezi ujao!"

Hakuna waziri aliyetangaza kitu. Redio yetu yenyewe ilikuwa haina betri. Lakini nilishinda.

Shuleni kwetu, hoja iliyoshinda mdahalo huandikwa kwa chaki kwenye ubao wa langoni ili wazazi waisome. Mwalimu wetu akaiandika kwa herufi kubwa: MALIPO YA KILA RAIA KUANZA MWEZI UJAO. Nilisimama karibu naye nikiitazama ile chaki. Ningeweza kusema. Sikusema.

Jumamosi nilimpelekea fundi viatu kiatu changu kilichoachia soli.

"Nakushonea, lakini ndiyo mara ya mwisho," akasema akicheka. "Nimemwambia mwenye kibanda atafute mpangaji mwingine. Mwezi ujao mimi nalala mpaka jua liwe utosini!"

"Nani kakwambia, mzee?"

"Si imeandikwa shuleni kwenu? Shule nayo itadanganya?"

Jumapili nilipokwenda bombani, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinyamaza waliponiona. Kisha wakanipisha nichote kwanza, eti mimi ni mtoto wa shule ile yenye habari njema. Walitabasamu wote. Nilitamani wanitukane.

Nyumbani nilimkuta mama anapiga pasi aproni yake ya kazini.

"Kesho namrudishia meneja," akasema. "Nimechoka, mwanangu. Acha na mimi nipumue."

Alikuwa anaimba polepole, mama yangu ambaye sikuwahi kumsikia akiimba. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaishia kumimina maji mtungini.

Jumatatu nilipoamka alikuwa ameshaondoka. Nilipofika langoni, maandishi yalikuwa pale pale, na watu wanne wamesimama kuyasoma. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikageuka, nikatimua mbio mpaka kiwandani.

Mama alikuwa mbele ya meza ya meneja. Aproni ilikuwa juu ya meza. Mlangoni walikuwa wamekaa wanawake wawili, kila mmoja na barua ya kuomba kazi mkononi, wanasubiri nafasi ya mama.

"Mama, usiache kazi!" nikapiga kelele. "Ni uongo! Waziri hakusema kitu. Nilitunga mimi ili nishinde mdahalo."

Mama akaichukua aproni, akaivaa bila haraka.

"Niwie radhi, bosi," akasema. "Trei zangu ni zipi?"

Meneja aliwatazama wale wawili mlangoni, akamtazama mama. "Haya, mama, kimbia. Mikate inaungua."

Mama akanigeukia. "Nenda kamwambie mwalimu wako. Sasa hivi."

Nikamweleza mwalimu yote. "Na mimi nina kosa," akasema. "Niliandika bila kukuuliza ushahidi."

Mchana aliwaita wazazi, akanipa kitambaa nifute ubao mbele yao, nikawaeleza kweli yote. Wengine waliguna, mmoja akasonya. Fundi viatu alitoka mbio kwenda kwa mwenye kibanda, na kwa bahati kilikuwa hakijapangishwa. Mama alisimama nyuma kabisa, unga ukiwa bado mikononi, mpaka watu wote walipoondoka.

"Posho ije isije, hilo bishaneni," aliniambia. "Hata mimi naitaka. Lakini mtu mwenye shida haipimi habari njema, mwanangu, anaipokea kwa mikono miwili. Ukimdanganya huyo, unamwibia hata kile kidogo alicho nacho. Siku tatu hizi nilijiona nimepumzika. Ulikuwa unaniona, na ulikuwa unajua."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.