Bega la Nyundo

Ulitangulia mlio, ko, mkavu kama ukuni unaovunjiwa gotini. Kisha vyuma vikaporomoka sakafuni mwa ukumbi wa mazoezi. Nyundo, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa chini, bega la kulia limeteguka, akimtukana kila aliyemsogelea.

"Tukana, ila usijitingishe," alisema msichana mmoja, fulana yake ya njano imelowa jasho. Kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini. "Nani alikwambia ushushe chuma nyuma ya shingo?"

"Kwani wewe nani?"

"Wa kukuokoa, kipenzi. Legeza mkono."

Akauvuta polepole. Bega likarudi kwa kishindo. Nyundo akaona nyota, na zilipozimika akamwona yeye.

Penzi lao likakulia kwenye simu, mkono wa Nyundo ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Umevuta mpira wa mazoezi leo, mpenzi?"

"Mpira ni wa watoto."

"Wewe ndiye mtoto wangu. Vuta. Likiteguka tena ni kisu cha daktari, na vyuma utavisikia kwa jirani tu."

Akavuta kila siku, huku akinung'unika na kucheka. Kitambaa kikafunguliwa, naye siku hiyohiyo akaenda ukumbini bila kumwambia mtu.

Akamkuta mpenzi wake na Kifaru, mshindani wa Nyundo katika kunyanyua vyuma. Wamesimama nyuma ya benchi, mikono ya mpenzi wake imeshika viganja vya lile jitu, wote wawili wanacheka.

Nyundo hakuuliza. Damu ilimpanda, ngumi ikatoka, na ilitoka mkono wa kulia, wa bega bovu. Mdomo wa Kifaru ukapasuka, damu ikarukia kioo. Akampiga ya pili, ya tatu, mpaka Kifaru akamkaba shingo na kumbamiza kwenye rafu ya vyuma. Bega likateguka tena. Nyundo akaanguka akilia kama ndama.

"Mpumbavu," Kifaru alisema, akitema damu. "Alikuwa ananifundisha namna ya kukushikia chuma ukirudi, nisije nikakiinua kombo nikakuumiza."

Msichana alipiga magoti, akamfunga mkono.

"Hili sasa ni la daktari wa upasuaji," alisema. "Lakini si bega linalonitisha. Baba yangu naye alikuwa hapigi mpaka akasirike. Mama alinituma barafu dukani mpaka muuzaji akaacha kuniuliza ya nini."

Nyundo alitaka kujitetea, kiburi kikamsimama kooni kama mfupa. Akakimeza.

"Nisamehe, kaka," alimwambia Kifaru. Kifaru akamnyanyua kwa upande wa bega zima.

Ndipo Nyundo akamgeukia mpenzi wake, uso umejaa jasho na machozi, wala hakuyaficha.

"Nilitaka kukuposa nikipona. Sasa sikuposi, nakuahidi tu, na Kifaru anasikia. Siku nitakayomnyooshea mtu ngumi tena, ondoka bila kuaga. Sitakupigia simu, sitakufuata."