Sigara Namba Nne

Siku walipojuana, lifti ya jengo ilikuwa imejaa pomoni. Msichana alibanwa kifuani pa kijana wa shati jeupe, naye kijana akasema bila haya, "Dada, unanukia tumbaku nzuri kuliko ninazoonja." Kumbe kijana alikuwa mwonjaji, na msichana msokotaji wa sigara nene katika karakana ya ghorofa ya tatu. Miezi minane baadaye wakawa wachumba.

Likaja shindano. Sigara tano za wasokotaji watano zilivuliwa lebo, zikabandikwa namba tu. Mshindi angekuwa msimamizi wa karakana, cheo ambacho msichana alikitamani kwa miaka sita. Kwa kuwa mchumba wake alikuwa mmoja wa majaji watatu, waliahidiana wasionane wiki nzima.

Namba mbili ikashinda kwa alama moja. Lebo ziliporudishwa, ikajulikana ni ya mwanagenzi wa msichana, kibinti cha gauni la njano alichokifundisha mwenyewe kushika jani la tumbaku. Yake mwenyewe ilikuwa namba nne. Na aliyeipa namba mbili kumi kamili ni jaji wa shati jeupe.

Wivu ulimpanda msichana mpaka masikioni. Alishuka ngazi na aproni yake, simu ikaita.

"Mpenzi, mbona umetoka?"

"Nenda kampongeze mpenzi wako."

"Mpenzi wangu si ndiye huyu ninayeongea naye?"

"Niliwasikia juzi mnacheka koridoni. Usinifanye mtoto."

"Alinisalimia, nikaitikia. Sasa nisiitikie salamu?"

"Kumi umempa za salamu?"

"Nilidhani ni yako."

Kijana alimkuta msichana mlangoni, macho mekundu. Akamweleza. Kofia ya namba mbili, pale sigara inapofungwa kichwani, ilizungushwa kushoto, na katika karakana nzima ni msichana tu aliyetumia mkono wa kushoto.

"Na niliyemfundisha anafunga kama mimi," msichana alisema, akainua kidole gumba cha kushoto chenye bandeji. "Jumatatu kisu kilinikata. Yangu nimeifunga kwa kulia."

Kijana akatoa karatasi yake ya alama mfukoni. Mbele ya namba nne, kumi ilikuwa imekatwa, pameandikwa nane.

"Ulimi ulichagua nne. Halafu nikaiona ile kofia, nikakupendelea."

"Kwa hiyo usingenipenda, ningeshinda."

"Ndiyo."

Tuseme ukweli, mwanamume huyu alikuwa mjinga. Msichana aliyekuwa akilia kwa sababu ya mwanamke mwingine sasa alijililia mwenyewe, na kilio hiki kilimuuma zaidi.

Kijana hakumbembeleza. Alirudi juu, akaisoma karatasi ile mbele ya majaji, kibinti cha njano kikisikiliza. Alama zake zikafutwa, za majaji wawili zikabaki, namba nne ikaongoza. Beji ya uonjaji akaiacha mezani, maana hakuna atakayemwamini tena.

Aliposhuka, msichana alikuwa bado mlangoni.

"Wamekufukuza?"

"Nimejifukuza mwenyewe. Hongera, msimamizi."

Msichana alimtazama. Hasira ilikuwepo, mapenzi yalikuwepo, na wivu nao haukuwa umekwenda popote.

"Na yule wa gauni la njano, ukikutana naye?"

"Nitamwita shemeji."

"Shemeji kwa ndoa ipi?"

"Hiyo ndiyo ninayokuomba."

Msichana alifungua aproni yake polepole, akampa aishike. "Twende basi ukamwite hivyo," alisema, "nikisikia kwa masikio yangu."