Jiwe la Mpaka Juu ya Meza

Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Machi, mwaka 2017. Kasuku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa hivyo kwa wingi wa maneno, alitoka kufagia uani kama kila asubuhi. Ghafla ufagio ukamponyoka. Ua wa mabati wa jirani yao seremala ulikuwa umeingia hatua nne ndani ya kiwanja chao na kulizingira jiko lao la nje.

"Baba! Njoo uone! Jiko letu limehamia kwa jirani!"

Baba yake, aliyekuwa mwashi, alitoka mbio akiwa na povu la sabuni usoni. "Jirani, ndiyo nini hii?"

"Mpaka ni pale penye bati langu," alijibu seremala. Nyuma yake walisimama vijana wanne wenye misuli. "Ukiweza, liondoe."

Baba hakupigana. Alichukua sururu, akang'oa jiwe la mpaka lililowekwa na wapima ardhi, akalipakia kwenye toroli. "Sukuma, mwanangu. Serikali ikajionee yenyewe."

Kwenye ofisi ya ardhi alilitua juu ya meza ya afisa ardhi, mama mmoja aliyekuwa akinywa chai. Chai ikamwagika. Mama yule akashika kichwa.

"Baba wewe, umefanya nini?"

"Nimeleta ushahidi, mama."

"Ushahidi! Lilipokuwa ardhini lilikuwa shahidi. Hapa mezani ni jiwe tu! Tena kuling'oa ni kosa."

Kasuku alitazama viganja vyake vyenye udongo. Je, wamelipoteza jiko kwa mikono yao wenyewe?

Baba alipewa onyo kali la maandishi. Kesho yake mpima ardhi alikuja na ramani, akapima kutoka kwenye mawe matatu yaliyobaki. Jiko lilikuwa lao. Seremala alipokaidi, baraza la ardhi lilitoa amri. Yule afisa ardhi alifika nayo pamoja na askari wawili, akaisoma kwa sauti. Seremala akang'oa mabati yake mwenyewe.

"Lakini wewe pia umekuja na wenye nguvu," Kasuku alimwambia afisa.

"Kweli, binti yangu. Ila hawa hawagusi hata msumari bila amri hii. Kama haki ingekuwa ya mwenye misuli, leo seremala angechukua jiko lenu, na kesho mwenye vijana kumi angechukua karakana yake. Mali hulindwa na sheria, na sheria humfunga hata anayeilinda."

Nawe uliyesoma, msimulie mwenzako, hasa yule mnayepakana naye.