Chupa Nne za Yustina

Ansbert aliteleza kwenye maji ya samaki, akakaa kitako juu ya papa mzima. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi na soko la Temeke limefurika mpaka barabarani.

Kaptura yake nyeupe, iliyopigwa wanga ikasimama yenyewe, ililowa damu na utelezi. Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana mwembamba, gauni la maua ya njano lenye mikono ya puto, kikapu cha nyanya mkononi.

"Kaka, huyo anauzwa kwa vipande, hakaliwi!"

"Badala ya kunicheka, dada, ungenipa mkono."

"Na gauni langu jipya hili? Haya, lete huo mkavu."

Akamvuta. Mkono ulikuwa mdogo, lakini una nguvu za kuzungusha cherehani. Jina lake Yustina, mtu wa Ndanda. Masista walimfundisha kushona, na sasa alishona sare za shule kwenye baraza la duka la Mzee Marijani. Ansbert alikuwa Mhaya wa Bukoba, dresa wa dispensari, anafunga vidonda na kugawa dawa.

"Niletee hiyo kaptura, imechanika nyuma," Yustina akamwambia.

Ansbert akajishika nyuma haraka. "Itakunukia."

"Mie nimezoea. Nyumba tunayokaa mwenye nyumba wake mtu wa Kilwa. Kwake kila ugonjwa dawa yake papa."

Kaptura ilipelekwa Jumatatu. Jumatano ikapelekwa shati ambalo halikuwa na tatizo lolote. Baada ya hapo zikaanza simu, maana duka la Mzee Marijani ndilo pekee mtaa ule lililokuwa na simu.

"Yustina! Dokta wako!"

"Siyo dokta, Mzee, ni dresa."

"Haya, dresa wako. Na asikae sana, nangoja simu ya sukari."

"Halo, kipenzi. Umekula, kipenzi? Nimekuota, kipenzi."

"Ansbert! Leo tu umeniita hivyo mara sita. Litachakaa hilo neno."

"Nikuite mara ngapi?"

"Mara moja kwa siku. Inanitosha."

Mwezi wa nne Yustina akalalamika kwamba jua likizama haoni tena tundu la sindano. Kesho yake Ansbert akaja na kichupa cha vidonge vya mafuta, vya njano, vinang'aa kama shanga.

"Vitamini hizi, za macho. Meza kimoja kwa siku," akasema. Kisha, kwa furaha tu na bila kufikiri, akaongeza, "Na Mama anakuja mwezi ujao! Nimemwandikia habari zako. Mama huyo anapendaga mkwe aliyejazia."

Yeye akacheka. Yustina hakucheka. Alikitazama kichupa, akautazama mkono wake mwembamba. Kumbe macho ni kisingizio, aliwaza. Anataka ninenepe kabla mama yake hajaniona. Siku hiyo hiyo akameza vitano.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, na binti anayekaribia kuposwa ndani ya nyumba kama ile ni wa wote. Ila dawa ya kumnenepesha mwali hutolewa kwa siri, mtu mwenye kijicho asije akaiona. Kwa hiyo shangazi yake Rosalia alimwita asubuhi nyuma ya mlango na kijiko cha mafuta ya ini la papa. Mchana Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, akamtilia kijiko kwenye mchuzi. Jioni Adelina, mpangaji wa chumba cha mwisho, akammiminia kwenye uji. Kila mmoja alimwambia, "Hii mie na wewe tu, usimwambie mtu." Na Yustina mtoto mwenye adabu, hakumwambia mtu.

Hakunenepa. Baada ya wiki tatu kichwa kilimgonga kutwa, midomo ikapasuka, akaanza kutapika asubuhi. Wanawake wa nyumba ile wakamtazama, wakatazamana, kila mmoja akaongeza kijiko. Yustina akaacha kwenda kwenye simu.

"Mzee Marijani, shikamoo. Yustina yupo?"

"Marahaba. Yupo, hataki." Mzee akashusha sauti. "Kijana wangu, huyo mtoto anatapika kila asubuhi. Umetufanyia nini?"

Ansbert akakata simu. Alijua vizuri ambacho hakufanya. Walikuwa hawajapita kushikana mikono njiani wakitoka kanisani. Basi yupo mwingine! Na Mama ameshapanda meli Bukoba, hamna wa kumrudisha. Jumamosi atashuka kwenye treni na kuuliza mkwe yuko wapi.

Alhamisi alikwenda kuvunja mambo. Alimkuta Yustina uani, kanga imefunika kichwa chote.

"Niambie jina lake tu, niondoke."

"La nani?"

"Mwenye mimba."

Yustina alimtupia mto wa sindano ukampata kifuani, kisha akaivuta kanga. Nywele zilikuwa zimenyonyoka pembeni, na ngozi ya viganja inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Mimba gani inang'oa nywele, dresa? Dawa zako hizi! Nimezimeza mama yako asije akaniona mti wa kuanikia nguo!"

Ansbert alisahau hasira yote. "Umemeza vingapi?"

"Vitano kwa siku. Kama kimoja kinafaa, vitano si ndiyo vizuri zaidi?"

Ansbert akasogea, akanusa. "Na mbona unanuka papa?"

Shangazi Rosalia, aliyekaa mlangoni, akakohoa. "Kijiko kimoja tu, baba, asubuhi."

"Asubuhi?" Bi Mwanahawa akatokea jikoni na upawa mkononi. "Mie si nampa mchana!"

Dirisha la mwisho likafunguka. "Jamani," Adelina akasema, "na mie namtilia kwenye uji."

Zikaletwa chupa zao tatu pamoja na kichupa cha vidonge. Ansbert akampakia Yustina kwenye baiskeli, wakaenda kwa daktari.

Daktari aliziangalia chupa zote nne akatikisa kichwa. "Mafuta haya yana vitamini A. Kidogo ni chakula cha macho, ikizidi ni sumu."

"Nikinywa maji mengi si itatoka?" Yustina akauliza.

"Hii haitoki kwa mkojo. Mwili unaiweka kwenye ini, inajaa kidogo kidogo. Na ini la papa linayo kuliko hata vidonge. Ungeendelea miezi, ini lako lingeharibika. Acha vyote leo. Nywele zitarudi."

Nje, Ansbert alishindwa kupanda baiskeli. "Kosa langu. Nilikwambia kimoja, sikukwambia kwa nini. Na lile la mimba, nisamehe. Mie nakupenda hivyo hivyo ulivyo."

"Basi Jumamosi niache nyumbani. Usinipeleke kwa mama yako na kichwa hiki."

"Tutakwenda. Na kipara chako."

"Sina kipara!" Akampiga begani, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka mpaka midomo ikamuuma.

Jumamosi nyumba nzima ilihamia stesheni ya reli. Treni ikapiga kelele, milango ikafunguka, akashuka mama mmoja amejitanda kanga mbili, kikapu kichwani, mwembamba kuliko Yustina mara mbili.

"Shikamoo, Mama," Yustina akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye? Mbona mwembamba hivi, kama mie!" Akaingiza mkono kikapuni. "Lakini usijali, mapadre wamenipa chupa ya mafuta ya sa—"

"Hapana, Mama!" wakapiga kelele watu watano kwa pamoja, mpaka kuli mmoja akaangusha sanduku.

Mama akaitazama chupa, akawatazama wao. "Haya, basi. Mie mwenyewe miaka kumi nalambaga kidogo, na mnaniona nilivyo." Akamgeukia mwanawe. "Umeshamuuliza au nimekuja bure?"

Ansbert akavua kofia, katikati ya mizigo na watu. "Yustina, kipenzi, utaolewa na mie? Sema, kipenzi."

"Umezidisha," Yustina akasema, ameinamisha macho. "Tulikubaliana mara moja kwa siku."

"Na jibu?"

"Ndiyo. Na usiniulize tena mpaka kesho."