Sarafu Iliyonyooshwa

Kwenye foleni ya chipsi sokoni Norwich, Uingereza, mvua ikinyunya, Bryony alikanyagwa na buti la matope.

"Kaka, umekuja na shamba zima?"

"Nusu tu. Nusu nyingine imo garini."

Huyo ndiye Neville, msaka vyuma vya kale mashambani kwa mashine ya kutambua chuma, koti la kijani, macho ya kucheka. Bryony, mwenye skafu ya manjano, kazi yake kwenye makumbusho ya mji ilikuwa kutambua na kuandikisha vitu vya kale vilivyookotwa. Chipsi wakala pamoja, siki ikiwachuruzika vidoleni, na haukupita muda wakawa wanapigiana simu hata kuulizana tu, "Mpenzi, umekunywa chai?"

Jumamosi moja asubuhi Neville akaingia makumbusho, uso umechoka, akaweka sarafu ya fedha mezani. Bryony akaipima, akaigeuza chini ya kioo cha kukuzia: mbele mfalme mwenye nywele za mawimbi, upande wa nyuma msalaba mrefu na nukta tatu tatu kila pembe.

"Mfalme Edward wa Kwanza, miaka mia saba iliyopita. Imetengenezwa London." Kisha akaona ufa. "Ilikuwa imekunjwa?"

"Mara mbili, kama leso. Nimekunyooshea kwa koleo, mpenzi, upate kuisoma."

"Neville! Watu wa kale walikunja sarafu juu ya kichwa cha mgonjwa, wakimwekea mtakatifu nadhiri ili apone. Umefungua nadhiri ya mtu, mjinga wewe!"

Watu wakageuka. Neville akachukua kofia yake, akatoka.

Bryony akadhani kanuna, naye akanuna. Simu zikakatika, hadi dada yake Neville alipompigia: mama yao alikuwa akipasuliwa moyo asubuhi ile ile ya sarafu. Hakuamka.

Bryony alimkuta Neville stesheni ya treni na sanduku, akielekea uwanja wa ndege, anahamia Australia kwa kaka yake.

"Neville wangu, yale ni mambo ya kale. Si wewe uliyemuua."

"Najua. Lakini nikiisikia sauti yako, nalisikia neno lile: umefungua nadhiri."

"Mbona hukuniambia anapasuliwa?"

"Nilitaka kwanza nikufurahishe, ndipo nilie."

Neville akambusu kwenye paji la uso. Treni ikaja.

Sarafu aliiachia makumbusho. Bryony akamaliza kuiandikisha: picha, uzito, shamba ilikotoka. Kisha akaishika kwa vidole viwili, akataja jina la Neville polepole, akaanza kuikunja. Ufa ukalia. Akaacha, maana ingekatika. Akairudisha kwenye kifuko chake cha kuhifadhia vile vile, imenyooka.