Bango la Jael

"Osewe, tuweke hii ya marehemu. Hii itajaza watu."

Kimotho alikuwa ameinua picha ya mke wangu Nereah. Tulikuwa kwa ukumbi wake wa picha, Kawangware 46, tukichagua moja ya kubandika mtaani kabla maonyesho yangu yaanze. Nilimchora Nereah kwa benchi ya hospitali. Oksijeni ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi safi, lakini ndani ya mtungi haikuwa. Wakubwa walikuja wakakata utepe wa ufunguzi, wakapigwa picha, wakaenda. Mimi nikazika.

"Hiyo haitoki hapa ndani," nikasema.

"Mzee, watu wanapenda uchungu."

"Si wana uchungu wao? Watumie huo."

Nikachukua picha ya Jael akicheka kwa cherehani yake.

Jael ni fundi wa nguo, mtaa wa Raila. Wiki hiyo alikuwa ameniuliza, "Mimi ni nani kwako? Ama mimi ni wa kukupikia tu ukimlilia Nereah? Jumamosi naenda Nakuru kwa ndugu yangu Marvin. Nikienda, sirudi."

Nilirudi kwa rangi zangu. Tangu mazishi, maneno hayatoki.

Bango nikatengeneza mwenyewe. Kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka na mabango ya matanga. Nikaweka uso katikati, jina chini, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mpaka mweusi pembeni ikae safi. Kimotho akasema ni kali. Ijumaa asubuhi likabandikwa kwa milingoti ya stima, Gatina mpaka Raila.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Christine, jirani wa Jael: "Pole sana Osewe. Jael ametuacha lini jamani?"

Kisha Jael mwenyewe akapiga.

"Osewe, mimi niko hai?"

"Uko hai."

"Basi mbona Mama Shivachi wa kanisa amekuja kwangu na nduru, akaniona, akaanguka hapo mlangoni?"

Nikaenda. Viti vilikuwa vimeshapangwa nje, chai jikoni, wamama wa kanisa wamekaa na pakiti za sukari mapajani. Jael alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Mwanaume ananichora nikicheka, halafu ananizika!"

"Ndivyo najua kutengeneza. Sijawahi kutengeneza bango la mtu aliye hai."

"Na huyo Kimotho wako hakuona?"

"Mabango ya matanga, huyo huyapita na gari ya vioo vyeusi. Ataona nini?"

Mtu akacheka. Jael hakucheka.

"Kwa nini mimi? Si ungeweka Nereah?"

"Wakubwa wameshamfanyia Nereah vya kutosha. Na wewe uliniuliza swali. Nikaona nikuweke mahali kila mtu anapita."

Akashusha mikono. Mama Shivachi akauliza, "Sasa sisi turudi na sukari yetu, ama?"

"Kaeni," Jael akasema. Akanigeukia. "Waambie. Kwa mdomo, si kwa rangi."

"Huyu ni bibi yangu," nikasema.

Wamama wakapiga vigelegele. Nilingoja nihisi kitu. Sikuhisi. Kifua kilikuwa vile kimekuwa siku zote, kama mkono uliolaliwa. Lakini nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

Simu yake ikalia.

"Marvin? Zima hiyo gari, na jeneza rudisha. Sijafa, wewe. Nimeolewa."