Shangazi Aliyeachwa Kisimani

Asubuhi ile Shangazi hakugomba, na hapo ndipo Msusi alipopaswa kushtuka. Mwanamke aliyemlea tangu utotoni, ambaye hata kijiko kikianguka huhutubia nyumba nzima, alikuta vyombo vichafu juu ya kochi, akatabasamu, akaenda zake jikoni. Nyuma yake sakafu ilibaki na nyayo za maji.

"Leo umeoga na viatu, Shangazi?" Msusi alimtania.

Akashika pedi ya gemu, maana siku hiyo hakuwa na mteja wa kusuka.

Gemu lenyewe lilikuwa la mashujaa na mazimwi. Unasafiri na wenzako, nao wanakupima kwa matendo yako: ukiwafaa watakufa nawe, ukiwadhulumu watakununia mpaka ukome. Majina unawapa mwenyewe. Tabibu wa msafara alikuwa na maneno mengi, basi Msusi akamwita Shangazi. Jana jini wa kisimani aliwaambia, "Niachieni mmoja, niwape upanga." Msusi alimwacha tabibu bila kufikiri mara mbili.

"Haya Shangazi, kapumzike na kelele zako," alisema kwa sauti, akicheka peke yake.

Leo wenzake wa msafara hawakutaka kumtazama. Kila alipowasogelea waligeuza migongo.

"Kama yeye umemtoa," mpiga mishale alinong'ona, "sisi tuna usalama gani?"

Harufu ya tope ikaingia sebuleni. Jikoni maji yalidondoka, to, to, na bomba lilikuwa kavu tangu juzi. Sasa Msusi alielewa alimtoa nani jana, na bila kuthubutu kugeuka nyuma akawarudisha mashujaa wake njia nzima mpaka kisimani, akautupa ule upanga majini, akashusha kamba, akavuta, akavuta tena, mpaka kikatokeza kichwa cha tabibu, nywele zimelowa, na macho yake hayakumtazama shujaa bali yeye pale kwenye kochi, na sauti iliyotoka ilikuwa ile iliyombembeleza kila alipougua.

"Umekawia, mjinga wewe. Na vyombo bado viko hapo hapo."

Msusi akaangua kilio. Hakuwahi kufurahia kugombezwa namna ile.

"Nisamehe, Shangazi. Toka, njoo nyumbani."

"Nitokeje, mwanangu? Mahali pangu pana mtu." Sauti ikashuka. "Usimwitikie. Vuta tu."

To, to. Sasa maji yalidondoka nyuma ya kochi. Mkono wa baridi ukamshika bega, taratibu, kwa upole ambao Shangazi hakuwahi kuwa nao.

"Unaongea na nani, mwanangu?" iliuliza sauti ya yule aliyetoka jikoni. "Umechoka. Ngoja nikuzimie runinga."

Mkono wa pili ukampita shavuni, ukaenda kwenye swichi ya ukutani. Ndani ya runinga, Shangazi alikuwa bado anapanda kamba.